SOMO: JE, MIMI NI MKIMBIAJI KWELI?

Someni: 1 Wakorintho 9:24-27, Waebrania 12:1-3



Tulipostaafu ualimu, daktari alitushauri tukimbie kidogo kila asubuhi. Tukaanza. Lakini tulitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, ili tusionekane. Tukikutana na mtu aendaye shambani, tuliacha kukimbia tukatembea, kama mtu atafutaye mbuzi wake. Asubuhi moja mtoto alituamkia: "Shikamoo babu. Unamkimbia nani?" Tulicheka, lakini moyoni tulijiona waongo. Mkimbiaji gani huyu, apitwaye hata na watoto wenye ndoo za maji?

Hofu hiyo imo kanisani pia. Yuko mwenzetu aliyebatizwa na kupata Kipaimara, lakini akiombwa asome somo au aongoze sala hujibu, "Wako wanaoweza." Hujihesabu mgeni katika nyumba ya Baba yake.

Mfano wa mtu wa kwetu

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni, yaani kilometa 42 na meta 195. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Njiani alianguka, akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alifika kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, giza limeingia na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali ili azimalize.

Walioanza walikuwa 75; waliomaliza ni 57, na yeye ndiye wa 57. Miaka miwili baadaye, huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Lakini hakuwa mkimbiaji kwa sababu ya Edinburgh. Alikuwa mkimbiaji usiku ule ule wa Mexico, akichechemea.

Maandiko yasemaje?

Mtu atasema: Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba apataye tuzo ni mmoja. Ni kweli, maana walizijua mbio za kwao. Lakini angalieni anachosisitiza: kujizuia, na kujua uendako. Naye mwandishi wa Waebrania hatuagizi tumpite jirani. Atuagiza saburi, katika mbio tulizowekewa sisi, tukimtazama Yesu. Tukiwatazama wenzetu tutaona aibu. Tukimtazama Yeye tutaona njia. Wahenga nao walisema, kutangulia si kufika.

Hapa hatuna budi kuungama. Tulipofundisha chuo cha ualimu tulisimamia mbio za wanachuo. Wa tatu alipofika, tulikunja utepe tukaenda kunywa chai. Waliofuata walikuta uwanja mtupu. Bila kusema neno tuliwafundisha kwamba wao si wakimbiaji, nao wakaenda kuwa walimu. Tusifanye hivyo kanisani. Asomaye kwa kusitasita na asikilizwe mpaka mwisho.

Sisi sasa tunakimbia jua likiwa limechomoza. Mwendo ni ule ule.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kazi gani ya kanisa unayoikwepa kwa kujiona hustahili?
2. Ni nani katika mtaa wetu tuliyekunja utepe kabla hajafika?
3. Soma 1 Wakorintho 15:9-10. Paulo alijionaje, na alifanya nini hata hivyo?

Tuombe

Ee Bwana, utupe saburi katika mbio ulizotuwekea, na utufundishe kumngoja aliye nyuma. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.