Ushauri: Kaunta Ibaki Isili, Cherehani Zihame

Mwanangu F. wa Section Two,

Pole. Cherehani nane, mafundi wanaokutegemea, na mwenye nyumba anayetaka gudwili (ile ada ya kushika duka) upya au uondoke: usingizi utatoka wapi? Na kaka zako wanakusukuma utoe akiba yote ununue ploti Athi River. Wanakutakia mema, sina shaka.

Kinachokubana

Tangu Garissa Lodge igeuzwe kutoka nyumba ya wageni kuwa maduka miaka ya 1990, Isili, yaani Eastleigh ya Nairobi, imekuwa soko la watu wa mbali na karibu. Nafasi inayomezwa na cherehani moja, muuza nguo huijaza marobota ya dera na kuuza kutwa. Atalipa kodi ambayo mshono hauiwezi. Duka hufuata watu, kiwanda hufuata ardhi ya bei nafuu. Wewe unashona kwa kodi ya duka.

Kubaki au kuhama

Gudwili bila maandishi usitoe hata shilingi. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao wa miaka isiyozidi 5, sheria ya Kenya hulinda duka: mwenye nyumba hana budi kukupa notisi ya maandishi ya angalau miezi 2, nawe waweza kuipinga kwenye baraza la wapangaji wa biashara. Lakini inalinda duka. Karakana isiyouza chochote huenda isihesabiwe.

Kwa hiyo shikilia kaunta ndogo, cherehani uzikodie chumba Kariobangi Light Industries. Usiangalie kodi peke yake. Jumlisha nauli za mafundi, boda ya kubeba mzigo na umeme, kisha ugawanye kwa dera mnazoshona kwa mwezi. Fanya hivyo pande zote mbili. Kodi nafuu hudanganya.

Ile ploti

Usinunue. Oktoba 2023 nyumba zilibomolewa Athi River kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland, baada ya mahakama kuamua ni mali ya kiwanda. Wengi walikuwa wamelipia viwanja vyao, wamejenga, wamehamia. Hata hati ikiwa safi, mwanangu, pesa iliyolala ardhini haitakununulia kitambaa Idd ikikaribia.

Kabla ya kumjibu mwenye nyumba, keti na mafundi wako uwaulize nani yuko tayari kwenda Kariobangi. Wale hodari wakikataa, niandikie tena kabla hujahamisha hata cherehani moja.