Mazoezi, Kazi na Usawa: Msamiati wa Maumivu ya Kiuno Vitengeni

Utangulizi

Tumezoea kukiita kilimo uti wa mgongo wa uchumi. Sitiari hii imechakaa kiasi kwamba mgongo wenyewe, ule wa mkulima, umesahaulika. Makala haya yanadai kuwa ushauri kuhusu maumivu ya kiuno hukwamishwa na maneno mawili yanayodhaniwa kuwa mepesi: mazoezi na usawa.

Mazoezi na kazi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu hayo mwaka 2020. Mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu kwa mgonjwa na mazoezi yaliyopangwa, wala hauungi mkono matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno.

Tuchukue mfano wa mama wa Vitengeni, katika eneo kame la Ganze, kaunti ya Kilifi. Mtungi wa lita 20 alioutweka juu ya ngata una kilo 20 za maji. Akiambiwa afanye mazoezi, ana haki ya kuuliza: je, haya ninayoyafanya ni nini? Kimsingi, nomino hii inatokana na kitenzi zoea. Ni kurudia jambo hadi mwili ulizoee. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, maana yake imefinywa ikabaki kwa wanariadha na askari. Tofauti ya kazi na mazoezi ya tiba ni kipimo. Mazoezi huanza kidogo, yakaongezwa taratibu. Kazi hudai mzigo ule ule hata siku ya maumivu. Mshauri asipoifafanua tofauti hii, mgonjwa ama ataendelea kujitwisha, ama atalala kitandani siku nyingi, misuli yake ikadhoofika.

Usawa

Neno usawa lina utata zaidi, kwani msikilizaji hufikiria haki au ardhi tambarare. Kinachokusudiwa ni uwezo wa kusimama bila kuyumba, unaotegemea macho, sikio la ndani, na hisia za misuli na viungo. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa wenye maumivu ya kiuno huelekea kuyumba zaidi wasimamapo, hasa wakifumba macho. Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi hapa: yumba, pepesuka, wayawaya. Swali "Je, huyumba ukisimama gizani?" humfikia mgonjwa haraka kuliko "Usawa wako ukoje?"

Hitimisho

Tunapendekeza ushauri ujengwe kwa vitenzi vya mwili: jinyooshe, jongea, tembea, inuka polepole, punguza mzigo. Aidha, usemwe wazi kwamba ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za kumkimbiza mtu hospitalini. Wanaisimu wakikaa pamoja na wauguzi kuyachagua maneno haya, taaluma yetu itakuwa imemtua mama huyo sehemu ya mzigo wake.