Huzuni ya Nabii Yaaqub na Khofu ya Mzazi wa Kijana Mgonjwa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), somo hili lahusu khofu impatayo mzazi ambaye mwanawe kijana ana maradhi yasiyoondoka, na khaswa maradhi ya selimundu, ambayo yamo katika nyumba za Mji Mkongwe, za Ng'ambo na za mashamba ya Unguja.

Khofu hiyo ina saa zake. Kijana akilala, baba husimama mlangoni akasikiliza pumzi. Baridi ya kipupwe ikiingia, hukumbuka usiku aliomchukua mwanawe Hospitali ya Mnazi Mmoja, naye akilia kwa uchungu wa mifupa. Asubuhi hufungua duka, akaulizwa khabari, akajibu kuwa ni njema, na hali moyo wake umebaki nyumbani. Wako wadhanio kuwa khofu hii ni upungufu wa imani. Sivyo. Sura ya Yusuf yaeleza kuwa Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume. Ilipobidi kumtoa safarini mwanawe mdogo, kwanza aliwatwaa ndugu zake ahadi; kisha akawaamrisha waingie mjini kwa milango mbalimbali; akakiri kuwa shauri lake haliwezi kuzuia alilolikadiria Mola; kisha akamwachia aende. Katika kisa hiki mna mambo matatu kwa mzazi: kujua, kuhadhari, na kuachia.

Jambo la kwanza ni kujua. Khofu ya jambo lisilojulikana haina mwisho. Selimundu ni maradhi ya kurithi, wala hayaambukizi. Chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, zikaziba njia nyembamba za damu, na hapo ndipo uchungu utokapo. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizo mwaka 1910. Hurithiwa kwa baba na kwa mama pamoja: wazazi wote wawili wakiwa na asili hiyo bila ya kuumwa, kila mimba ina sehemu 1 katika 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Basi mume amtuhumuye mkewe kuwa ndiye aliyeleta maradhi nyumbani amemdhulumu, na amemwondolea mwanawe mlezi amhitajiye kuliko wote.

Jambo la pili ni kuhadhari. Kijana na anywe maji mengi, ajifunike wakati wa baridi, alale ndani ya chandarua, na asikose siku zake za kliniki. Iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo hupunguza vipindi vya uchungu, nayo hutolewa na daktari kwa kupimwa damu mara kwa mara. Homa kali, maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, kulegea upande mmoja wa mwili, au ulimi kuwa mzito, yote hayo ni ya kukimbiliwa hospitali saa ile ile. Na kwa mvulana liko jingine ambalo haya humfanya alifiche: kusimama kwa dhakari kwa uchungu, bila ya matamanio. Likifika saa 4 ni khatari, wala lisingojwe kupambazuka. Baba ndiye apaswaye kumweleza mwanawe jambo hili kabla halijamfika, kwani mama huenda asiambiwe.

Ama saumu, Sharia imemrukhusu mgonjwa kula. Katika madhehebu ya Shafii, ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, na kufunga kwamdhuru, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kijana aliyebaleghe huona haya kula na wenziwe wamefunga. Basi na aulizwe daktari, kisha aulizwe mwanachuoni, na baba amfahamishe mwanawe kuwa rukhsa ni ya Mola, wala si aibu.

Jambo la tatu ni kuachia, nalo ndilo zito. Jioni vijana hujirusha baharini penye ukuta wa Forodhani, na kijana mgonjwa naye hutamani. Baba mwenye khofu hukataza yote: asiende pwani, asicheze mpira, asilale kwa shangazi yake Makunduchi. Kijana naye hujifunza kuficha maumivu ili asifungiwe. Na hapo khofu ya baba imezaa khatari ile ile aliyoiogopa. Lililo bora ni kushauriana na daktari yepi yafaa na kwa kiasi gani, na kumfundisha mwana kujilinda: ajue kuwa maji baridi, na upepo juu ya mwili uliorowa, huweza kuamsha uchungu, apumzike kabla ya kuchoka, achukue maji na dawa zake, aseme mapema aumwapo. Siku moja atakuwa mtu mzima, na baba hatakuwapo mlangoni kusikiliza pumzi zake.

Na mzazi asiubebe mzigo huu peke yake. Wauguze kwa zamu yeye na mkewe, na ndugu mmoja aambiwe kweli ya mambo. Yaaqub alimshitakia Mola wake huzuni yake, kisha akawaambia wanawe waende wakatafute, wala wasikate tamaa. Alilia, na kazi haikusimama.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa na awape wazazi wao subira. Wabillahi tawfiq.