UKUTA HUJENGWA MTO UKIWA MKAVU

Somo la vikundi vya kujisaidia na Jumuiya Ndogo Ndogo

Someni kwanza: Kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 32, aya ya 1 hadi 15, kisha aya ya 24 na 25.
Vitu vya kutayarisha: Biblia, ndoo moja ya mchanga wa mtoni ulio mkavu, na maji kidogo.



Somo hili linahusu kumtumaini Mungu wakati wa shida. Tunajua wengine wenu mkisikia hivyo mtasema, "Haya, wamekuja tena na maneno matamu." Mna haki. Basi hebu tuanze na siku ambayo maneno yetu matamu yalikataliwa.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2022, katika sehemu kame ya Kitui. Mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo: vuli ya 2020, masika na vuli ya 2021, masika ya 2022, na sasa vuli ya 2022 nayo ilikuwa ikipita hivi hivi. Tulikwenda kukitembelea kikundi kimoja cha akina mama chini ya mwembe wao. Tukafungua somo letu juu ya tumaini. Hatujafika katikati, mama mmoja mzee akainua mkono.

"Walimu, tunawashukuru. Lakini nyinyi mkitoka hapa mnakwenda kula. Mimi jana nimepika mbegu. Zile ndengu nilizoweka za kupanda nimezichemsha, wajukuu wakala. Sasa hilo tumaini lenu nitalipanda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulifunga daftari tukanyamaza, na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri ya somo letu siku ile.

Ndipo tukaambiwa ajenda iliyokuwa ikiwasumbua. Kikundi kilikuwa na akiba kwenye sanduku, na mawe yaliyorundikwa kando ya mto kwa ajili ya kujenga bwawa la mchanga. Wengine walitaka sanduku livunjwe, kila mtu achukue chake, na kikundi kife. Wengine walisema, "Tuache kila kitu, Mungu mwenyewe anajua." Na wachache walikuwa wamemsikia mhubiri mmoja sokoni akisema ati wakitoa pesa zote kama sadaka, mvua itanyesha kabla ya mwezi kuisha. Wakatuuliza: mtu wa imani afanye nini hapo?

Tuliomba wiki moja. Tuliporudi, tulirudi na Yeremia.

NABII ALIYENUNUA SHAMBA WAKATI MBAYA

Yeremia aliishi Yerusalemu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Wakati wa habari hii, jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji. Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika ua wa walinzi, kwa sababu alimwambia Mfalme Sedekia ukweli ambao mfalme hakutaka kuusikia: mji utaanguka.

Hapo ndipo anapokuja Hanameli, mwana wa ami yake, na kumwambia anunue shamba lake la Anathothi. Anathothi ni kijiji alikozaliwa Yeremia, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Yerusalemu. Hebu fikirini! Adui yuko nje ya ukuta, mnunuzi yuko kifungoni, na shamba liko upande wa adui. Ingekuwa kwetu, tungemwambia Hanameli atafute mjinga mwingine.

Lakini Yeremia alijua kwamba jambo hili limetoka kwa Bwana. Akapima shekeli 17 za fedha, yaani kama gramu 200 hivi. Akaandika hati, akaweka sahihi mbele ya mashahidi. Hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Akampa karani wake Baruku aziweke ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Ilikuwa ishara kwamba siku moja nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Na je, mji uliokoka? La. Yerusalemu uliangushwa, watu wakapelekwa uhamishoni. Ilipita karibu nusu karne kabla ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwaruhusu warudi mwaka 538 kabla ya Kristo. Yeremia mwenyewe alichukuliwa hadi Misri, na Maandiko hayatuambii kwamba aliwahi kulima shamba lile hata siku moja.

MAMBO MATATU TUNAYOJIFUNZA

1. Tumaini halifichi ukweli.
Yeremia hakusema, "Msiogope, adui ataondoka kesho." Alisema mji utaanguka, na ukaanguka. Tena baada ya kununua shamba alimrudia Mungu na swali. Someni aya ya 24 na 25: ni kama anasema, Bwana, unaona mwenyewe hali ilivyo, na bado unaniambia ninunue? Kwa hiyo yule mama aliyetuuliza atalipanda wapi tumaini hakukosa imani. Alikuwa akisali kama alivyosali nabii. Jamani, tusimwambie mtu aliyefiwa au mwenye njaa kwamba shida yake ni upungufu wa imani. Hilo ni kumwongezea mzigo. Mungu hachukii machozi yetu wala maswali yetu.

2. Tumaini hufanya kazi iliyo mkononi.
Yeremia hakuweza kulifukuza jeshi. Aliweza kupima fedha na kuandika hati, akafanya hivyo. Angalieni pia kwamba hakutoa fedha ili kumnunua Mungu aondoe vita. Mungu hauzi mvua. Anayetuambia tutoe pesa za karo au za chakula ndipo tubarikiwe, tumpishe apite. Na anayesema tukae tu mikono kifuani tukimngoja Mungu, tumkumbushe kwamba Yeremia alisali na akanunua.

3. Tumaini huandikwa na kuwekewa wengine.
Mbona hati mbili, mashahidi na chombo cha udongo? Kwa sababu Yeremia alijua kwamba huenda si yeye atakayelifaidi shamba. Aliweka kumbukumbu kwa ajili ya watoto watakaorudi. Kumbe hata daftari la karani wa kikundi, lenye kila shilingi na kila sahihi, linaweza kuwa kazi ya imani. Kikundi kinachoandika vizuri kinasema: tutakuwepo kesho, na kama si sisi, watoto wetu.

MFANO WA NDOO

Sasa chukueni ile ndoo ya mchanga. Mimineni maji polepole mpaka yaonekane juu. Mtashangaa: ndoo iliyoonekana imejaa itameza zaidi ya robo yake ya maji.

Hivyo ndivyo linavyofanya kazi bwawa la mchanga, ambalo watu wa Ukambani wanalijua vizuri. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, juu ya mwamba. Mvua ikija, mto huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga. Jua haliyakaushi upesi, na mbu hawapati pa kuzalia. Lakini ukuta huo haujengwi mto ukiwa umejaa. Hujengwa mto ukiwa mkavu, wakati ambapo mpita njia anaweza kuwacheka na kuwauliza mnazuia maji gani.

Akina mama wale walipofika hapo, mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo, "Basi sisi ndio Yeremia, na yale mawe ndiyo shamba la Anathothi."

KIKUNDI KILIAMUA NINI

Walijadiliana karibu nusu siku, na haikuwa rahisi. Wawili waliondoka kwa hasira. Mwishowe waliigawa akiba mafungu matatu. Fungu la kwanza lilinunua mahindi na maharagwe kwa nyumba zilizokuwa zimelala njaa, na halikuwa mkopo. La pili likawekwa kwa ajili ya mbegu, lisiguswe kwa sababu yoyote. La tatu likawa la saruji. Ofisi ya maendeleo ya dayosisi ikatoa fundi wa kupima mwamba na kusimamia kazi. Wao wakafanya mwethya, alfajiri kabla ya jua kuwa kali. Wazee hawakubeba mawe, walipika uji.

Tusiwadanganye: si kila kitu kilikwenda vizuri. Mbuzi wanne wa yule mama mzee walikufa kabla ya mvua. Mwanachama mmoja alikwenda Mombasa kutafuta kibarua na hajarudi mpaka leo. Mvua iliponyesha Machi 2023, mto ulileta mchanga, maji yakapita juu ya ukuta na kuondoka. Mama mmoja akacheka akisema, "Tuliomba maji, Mungu akatuletea mchanga!" Mwisho wa mwaka huo ikaja mvua kubwa ya El Niño, ikaharibu baadhi ya mashamba yaliyo karibu na mto. Lakini ukuta ulisimama, na mchanga ukajaa. Ukiangaza ulifuata wanachimba visima vifupi mchangani na kuteka.

Yule mama mzee alipewa kilo mbili za ndengu kutoka fungu la mbegu. Baada ya kuvuna alirudisha tatu, kama sheria ya kikundi inavyosema. Siku alipozileta, karani aliandika na yeye akaweka alama ya kidole. Akatuangalia na kusema, "Walimu, lile swali langu nimelijibu mwenyewe."

TAHADHARI MOJA

Kuna shida ambazo mtu hawezi kuzibeba peke yake. Mwenzenu akianza kujitenga, akakosa usingizi siku nyingi, au akasema afadhali afe, msimwambie tu "sali zaidi." Salini pamoja naye, msimwache peke yake, na mmsindikize hospitalini upesi. Kumpeleka kwa daktari si kukosa imani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni shida gani iliyozingira kijiji chetu sasa kama jeshi lilivyouzingira Yerusalemu? Tuitaje kwa jina lake bila kuficha.
2. Je, kuna mtu kati yetu tuliyemwambia kwamba anateseka kwa kukosa imani? Tutamrudiaje?
3. "Shamba la Anathothi" la kikundi chetu ni lipi? Yaani, ni kazi gani tunayoweza kuanza sasa, ingawa matunda yake yatachelewa?
4. Daftari letu liko katika hali gani? Mtoto wetu akilifungua baada ya miaka 20, ataelewa tulifanya nini?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kitenge fungu la mbegu, hata kama ni kilo tano tu za kunde, mtama au ndengu. Liwekwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moshi mwingi na panya, na liandikwe kwenye daftari: kiasi gani, nani ameleta, nani anatunza, na sheria ya kukopa. Watunzaji wawe wawili, wasiwe wa nyumba moja.

SALA YA KUFUNGA

Mungu Baba, wewe unajua mto wetu ukiwa umejaa na ukiwa mkavu. Hatuji kwako na uso wa uongo. Tunakuletea njaa yetu, wagonjwa wetu, watoto waliofukuzwa kwa karo, na wote tuliowazika. Tupe moyo wa Yeremia wa kusema kweli, wa kukuuliza, na wa kununua shamba hata wakati wa vita. Ibariki mikono inayobeba mawe na ile inayopika uji. Na kama si sisi tutakaokunywa maji haya, wape wajukuu wetu wanywe na wakushukuru. Tunaomba kwa Kristo Bwana wetu. Amina.