Simu imebaki kwenye daladala ya Matemwe

SWALI: Mie nalima mwani Matemwe. Jana nilisahau simu kwenye daladala nikitoka Darajani. Nikiipiga inaita, hapokei mtu. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana dada. Kwanza okoa pesa, kisha simu. Azima simu ya jirani, pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako, wakufungie akaunti ya pesa. Laini iache ikiita kwa leo. Itumie ujumbe wa heshima wenye namba ya jirani, kwani aliyeiokota huenda hawezi kuifungua, ila ujumbe anauona kwenye kioo.

Wakati huohuo nenda kituoni ukamwulize utingo. Hawa wanajuana, na mimi nawategemea kuliko ramani ya Google ya kutafutia simu, ambayo mara nyingi huonyesha duara linalomeza nyumba kadhaa. Usigonge mlango wa mtu kwa ajili ya duara hilo.

Isipopatikana, ripoti polisi. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inataka upotevu utolewe taarifa. Chukua boksi la simu: IMEI, ile namba ya tarakimu 15, imeandikwa hapo. Mtandao unaweza kuifungia simu kwa namba hiyo hata ikitiwa laini nyingine. Laini yako utarejeshewa kwa alama ya kidole.

Na akipiga mtu akadai nauli kwanza, au namba ya siri, usimpe. Mwambie mkutane kituo cha polisi.