Kumsaka Nzohe: Safari ya Rubondo Kutokea Kiseke

Ukifikia Kiseke, Mwanza, na hamu yako ni kuwinda, amua mapema: bunduki au darubini? Uwindaji wa bunduki uko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Utahitaji leseni ya kuwinda na kibali cha silaha. Mitego na sumu ni marufuku. Wapo watakaokwambia uende Biharamulo kama wazee walivyokwenda. Usiende na bunduki. Tangu 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna anayepewa leseni ya kuua mnyama.

Mimi nakushauri uchukue darubini, na mnyama wa kumsaka awe nzohe, katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Huyu ni swala wa majini, na kumwona kunadai subira zaidi kuliko kumwona simba wa Serengeti, ambaye hujilalia barabarani magari yakimzunguka. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, hivyo hupita juu ya matope na mafunjo bila kuzama. Manyoya ni marefu na hayashiki maji. Dume ana rangi ya kahawia iliyofifia na pembe zilizosokotwa. Jike hana pembe, ni mwekundu-mwekundu mwenye michirizi myeupe. Akishtuka huingia majini na kujizamisha, akabakiza pua tu juu. Kwa hiyo unapokagua kinamasi kwa darubini, usitafute mwili mzima wa mnyama. Tafuta sikio linalotikisika, au mafunjo yanayocheza wakati upepo umetulia.

Kutoka Kiseke, wahi stendi ya Nyegezi asubuhi na upande basi la Geita. Zamani safari hii ilikatishwa na foleni ya kivuko pale Kigongo. Sasa unapita hadi Busisi juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 2025. Ukishafika Geita, shuka hadi Nkome, au endelea mpaka Muganza wilayani Chato, kisha uvuke kwa boti. Mwenye fedha anaweza kukodi ndege ndogo, maana uwanja wa Mwanza uko hapo hapo Ilemela na kisiwani kuna kiwanja.

Boti ipangwe na ofisi ya hifadhi kabla hujaondoka mjini, na uvuke asubuhi, kwani mchana upepo ukipanda ziwa huchafuka haraka. Vaa jaketi okozi tangu unapokanyaga chombo hadi unaposhuka, hata kama wengine wamelikalia. Watu wa Mwanza tulizika ndugu zetu waliozama na MV Bukoba mwaka 1996, na wa MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018. Hili halina mjadala.

Kisiwani hakuna kijiji, basi mchele, mafuta, nyanya na dagaa nunua Mwanza. Ada za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, hulipwa kwa mtandao au kadi, usitegemee noti mfukoni. Mtanzania abebe kitambulisho ili atozwe kiwango cha wazawa. Mbung'o wapo, na hufuata nguo za bluu na nyeusi. Vaa kaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu.

Rubondo ni vilima na msitu mnene, na utatembea kwa miguu. Kama magoti yamezoea kiti cha ofisi, yafanyishe kazi kwanza kwenye miamba ya Kiseke jioni chache kabla ya safari. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia huwa kavu.

Omba askari uhifadhi akuamshe saa kumi na moja alfajiri. Huruhusiwi kutembea peke yako, na usitamani: viboko hupanda nchi kavu usiku na kurudi ziwani wakati huo huo unaotoka wewe, na mamba wako kando ya maji. Kaeni upande ambao upepo unavuma kutoka kinamasini kuja kwenu, simu zikiwa zimezimwa. Kisiwa hakina simba wala chui, ndiyo maana nzohe wa Rubondo huthubutu hata kuingia msituni. Asipoonekana kwenye mafunjo, mwombe askari mfuate nyayo zake chini ya miti. Huko huenda mkasikia sokwe, uzao wa wale walioletwa na mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek kati ya 1966 na 1969.

Panga angalau usiku mbili. Asubuhi moja haitoshi, kwa kuwa mvua ikinyesha alfajiri au upepo ukigeuka, mtalazimika kurudi kambini mkangoje kesho.