Dawa ya Nyuma ni Mwanzo Tu: Mutoto Sherti Afike Hospitali

Mama, wewe unajua homa ya malaria. Umekwisha kulala macho kando ya mutoto mwenye moto mwilini, ukingoja kuche. Leo hatutasema juu ya chandarua wala juu ya mbu. Tunataka kusema juu ya jambo moja: ile dawa ya malaria ambayo reko wa kijiji anamuingizia mutoto kwa njia ya nyuma, ile wengi wanaita supozitwari, na mambo ambayo sherti yafuate.

Dawa hii ni ya nani?

Si ya kila homa. Mutoto mwenye homa, lakini anacheza kidogo, ananyonya, anameza vizuri, huyu apimwe damu ya kidole siku ile ile. Kama ni malaria, atapewa vidonge vya kumeza. Dawa ya nyuma ni ya mutoto wa chini ya miaka 6 ambaye ugonjwa umemushika kwa nguvu. Hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Anakazana mwili na kugeuza macho, ile watu wanaita ndege. Ao analala tu, na ukimwita haamuki. Mutoto wa namna hii ni wa hospitali, leo, si kesho. Lakini kama hospitali iko mbali, reko anamupa dawa ile mara moja, kusudi apate nguvu ya kufika.

Kuna watu wanaosema kwamba ndege haipendi sindano, na kwamba mutoto akipigwa sindano atakufa. Wanamuzungusha kwanza kwa miti shamba siku mbili, tatu. Mama, si sindano inayoua. Ni zile siku mbili, tatu.

Inafanya kazi namna gani?

Ndani ya dawa hii kuna artesunati, dawa ya jamii iliyotoka katika majani ya muti mumoja wa Uchina. Inaua vidudu vya malaria upesi sana, kupita kinini. Lakini yenyewe haikai katika damu. Saa chache, imekwisha. Vidudu vilivyobaki, hata kama ni vichache, vinaanza kuzaana tena.

Na hapa ndipo penye hatari. Mutoto anapoa. Anafungua macho, anaomba mayi, pengine anataka kula. Mama anafurahi. Baba yake anasema: “Kumbe amepona! Hii feza ya pikipiki tuiweke.” Wanabaki nyumbani. Siku zinapita kidogo, homa inarudi, na mara hii mutoto hana tena damu ya kupigana nayo. Hakuna mutu aliyefanya ubaya katika nyumba ile. Waliona mutoto anacheka, wakaamini macho yao.

Uchunguzi ulionyesha nini?

Katika mwaka 2009 waganga walitoa habari ya uchunguzi uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh. Waliona kwamba watoto waliokuwa mbali sana na kituo, wakipewa dawa hii ya nyuma, hatari ya kufa ao kubaki na kilema ilipungua karibu nusu. Ilikuwa furaha kubwa, na inchi nyingi zikaanza kuitumia.

Kisha kukaja uchunguzi mwengine, tangu 2018 mpaka 2020, katika inchi tatu: Nigeria, Uganda na hapa kwetu Kongo. Mara hii hawakuangalia dawa peke yake. Waliangalia mambo kama yalivyo vijijini: barabara, feza, hospitali zenyewe. Waliona nini? Watoto walipewa dawa ya nyuma, na pamoja na hiyo vifo havikupungua. Wengine hawakufika hospitali, ao walifika wamekawia. Wengine walifika, wakapigwa sindano, lakini wakarudi nyumbani bila vidonge vya kumalizia. Dawa haikuwa mbaya. Kazi ilikatwa katikati.

Ndiyo sababu katika 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, liliomba inchi zisiongeze kwanza kuieneza. Katika 2023 likatoa maagizo mapya: dawa hii itumiwe pale ambapo mutoto anaweza kutumwa hospitali na kupata matunzo yote mpaka mwisho. Hapana kuitumia kama dawa ya kuponyesha nyumbani. Wala hapana kununua nyingine sokoni na kumurudishia kila mara homa inapopanda. Kuitumia namna hiyo kunafundisha vidudu kuzoea dawa, na jambo hilo limekwisha kuanza karibu nasi: waganga waliliona kwa majirani zetu, Rwanda (2020) na Uganda (2021). Vidudu vingine kule vinakawia kufa.

Basi, mama ufanye nini?

Reko akikwisha kuingiza dawa, bana matako ya mutoto pamoja kwa dakika 10 hivi. Ikitoka mbele ya nusu saa kupita, mwambie reko, ataingiza nyingine. Kisha chukua karatasi yake, na mwende. Hapana kungoja kuona kama imesaidia. Kama anaweza kunyonya, anyonye njiani. Kama hana akili wala hamezi, usimutie kitu kinywani, maana kitaingia katika mapafu.

Neno la feza ni gumu, tunalijua. Ongea na baba yake sasa, mutoto angali muzima: nani atabaki na watoto wengine, pikipiki ya nani itaitwa usiku, feza kidogo itawekwa wapi. Usiku wa ugonjwa si saa ya kuanza mashauri hayo.

Hospitalini atapigwa sindano ya artesunati. Atapata ya kwanza akifika, ya pili kisha saa 12, na ya tatu kisha saa 24. Akiwa hawezi bado kumeza, wataendelea mara moja kila siku. Wamama wengine wanasikitika: “Mbona hawamutundikii chupa ya kinini?” Sindano ndogo inaonekana kama si kitu kando ya chupa kubwa ya serumu. Lakini waganga walijaribu dawa hizi mbili kwa watoto 5425 wa inchi 9 za Afrika, na Kongo ilikuwamo. Habari ilitoka 2010. Kati ya waliopewa kinini walikufa 297. Kati ya waliopewa artesunati, 230. Makundi yale mawili yalikuwa sawasawa kwa hesabu. Kwa hiyo, mama, chupa isipotundikwa, usizani wamekudharau.

Na mbele ya kutoka hospitali, sherti upewe vidonge vya siku tatu. Vidonge hivi vina dawa mbili pamoja: moja inaua upesi, nyingine inabaki katika damu siku nyingi na kumaliza vidudu vilivyojificha. Kama hukupewa, uliza. Sema tu: “Infirmiye, vidonge vya siku tatu viko wapi?” Si aibu, wala si kiburi. Vyote ni vya mutoto huyu. Hapana kumugawia ndugu yake aliyeshikwa na homa nyumbani, wala kuweka nusu kwa siku ingine. Kama anatapika upesi kisha kumeza, dawa haikuingia, mwambie infirmiye.

Jambo la mwisho wamama wengi hawaambiwi. Kisha artesunati ya sindano, watoto wachache wanapungukiwa damu wakati tayari wamekwisha kupona, juma moja mpaka majuma matatu nyuma. Angalia mukojo wake: ukiwa mweusi kama kahawa, ao macho yakiwa manjano, ao viganja na ulimi vikiwa vyeupe, ao anahema upesi, umurudishe siku ile ile. Chukua fishi ya hospitali, na mwambie muganga siku gani alipigwa sindano ya mwisho.